Partna au pekee yako? Piga hizi hesabu kabla hujaingia biashara na mtu

Karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza hii swali na inakuja vilevile: "Nimepata jamaa anataka tuingie naye, ako na pesa kidogo, niseme ndio ama niende pekee yangu?" Juzi ilikuwa dada wa Nakuru mwenye saluni Section 58, kabla yake kijana wa Bungoma anataka kuanza kutotoa vifaranga, kabla yake watu wawili wa boda hapa Kondele. Nimejibu kwa simu mpaka nikaona afadhali niandike yote mahali pamoja, mtu asome pole pole akiwa na kalamu.

Mimi nauza spea za pikipiki Kisumu. Nimewahi kuwa na partna tukaachana, nikakaa pekee yangu miaka kadhaa, sasa niko na partna mwingine upande wa gareji na tunasonga vizuri. Kwa hivyo siji hapa kukwambia partna ni mbaya ama ni mzuri. Nataka ujue yako wewe inakaa wapi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari la mauzo la miezi mitatu hivi. Kama biashara bado haijaanza, andika bei ulizouliza mwenyewe kwa mguu wako: kodi ya kibanda, bei ya holseli, nauli ya mzigo. Bei za kuambiwa na rafiki usiandike.
- Statimenti ya M-Pesa ya miezi sita. Unaitisha kwa *334# ama kwa app.
- Orodha ya deni zako zote, hata zile za chama na za shemeji.
- Karatasi tupu, kalamu, na masaa mawili bila mtu wa kukuongelesha.

Huyo partna usimwite bado. Hatua tatu za kwanza ni zako pekee yako.

1. Andika unachokosa, kitu kimoja tu

Watu wengi wakiniambia "nataka partna" nikiwauliza wa nini, wanaanza kuzunguka. Kunakosekana vitu vinne tu: pesa, mkono wa kusaidia kazi, ujuzi ambao huna, ama mlango, yaani mtu anayejulikana mahali wewe hujulikani, kama yule anayeweza kukupatia tenda ya kupeleka mboga shule. Chagua moja. Ukiandika zote nne basi hiyo biashara bado haijakomaa, rudi nyuma kwanza.

Na kuna ya tano ambayo watu hawaandiki: woga. Unaogopa kuanza pekee yako, unataka mtu wa kushikana mkono. Huo woga naujua na hakuna aibu ndani yake, lakini mtu wa kukupa moyo anaweza kuwa dada yako ama rafiki yako wa jioni, si lazima umpe nusu ya duka.

2. Tafuta bei ya hicho kitu bila partna

Hapa ndipo mimi nilipotea, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Wakati naanza nilikuwa na 90,000 na nilihitaji stoku zaidi. Rafiki yangu wa tangu sekondari, ako na kazi ya mshahara Kakamega, akaniambia "omera, mimi nitaleta 80, tuingie nusu kwa nusu." Tukapeana mkono hapo hapo. Ilipofika mwaka wa pili duka lilikuwa linaacha kama 40,000 kwa mwezi, na yeye alikuwa anachukua 20,000. Hebu hesabu: miezi 12 mara 20,000 ni 240,000 kwa mwaka, na ile 80,000 yake bado iko ndani ya duka ni yake. Sasa weka hiyo kando ya mkopo. Tuseme Sacco ingenipa 80,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka, nilipe ndani ya mwaka mmoja, riba haiwezi kupita 9,600.

Nilimpa 240,000 kwa kitu cha 9,600. Na hakunilazimisha, mimi ndiye nilikubali bila kupiga hesabu.

Lakini sema ukweli wote. Mkopo haujui mvua kubwa wala msimu mbaya, mwisho wa mwezi unataka chake hata kama hujauza. Partna akiwa na wewe anabeba hasara pia. Kwa hivyo kama biashara yako ni ya kubahatisha sana, mavuno yanaweza kukauka ama mzigo kuozea njiani, pesa ya partna inaweza kuwa salama kuliko ya Sacco. Kama ni duka linalouza kila siku, kopa ama anza kidogo.

Ukikosa mkono, hesabu ni rahisi zaidi. Yule dada wa Nakuru alikuwa anataka mtu wa kumsaidia. Nikamwambia mfanyakazi wa 600 kwa siku, siku 26, ni 15,600. Partna wa nusu kwenye faida ya 36,000 ni 18,000, karibu sawa leo. Lakini saluni ikikua ifike 60,000, partna anachukua 30,000 na mfanyakazi bado ni 15,600, hata umuongeze utabaki mbele.

Ujuzi na mlango ndivyo vigumu kununua. Gareji yangu ya sasa ilianza hivyo. Wateja walikuwa wananunua pistoni na ringi kwangu halafu wanapeleka kwa fundi mwingine, na huyo fundi ndiye anawaambia spea wanunue wapi. Nilijaribu kuajiri fundi wa injini mara mbili, kila mmoja alikaa miezi miwili mitatu, akishajuana na wateja anaondoka nao. Fundi anayefungua injini na kuisikiza tu na kukwambia ni bearing gani, haajiriki, ako na jina lake mwenyewe. Huyo nikamwambia tuingie pamoja.

Kwa hivyo kipimo changu ni hiki: unachokosa kama kinanunulika, kinakodishwa ama kinakopwa kwa bei unayoiweza, baki pekee yako. Kama hakinunuliki, endelea na hatua ya 3.

3. Jiulize ukiugua wiki mbili

Hii ni ya wale washaamua kukaa pekee yao, na wengine pia wapitie. Nani atafungua duka? Nani anajua bei? Nani anajua ni nani anadaiwa? Kama jibu ni hakuna, huna haja ya partna, una haja ya daftari linalosomeka na mtu mmoja unayemfundisha. Watu watakwambia kidole kimoja hakivunji chawa na ni kweli, lakini kidole cha pili kinaweza kuwa mpwa wako unayemlipa kila Jumamosi.

4. Mchunguze mtu kwa pesa, urafiki weka kando

Ukiona bado unamhitaji, sasa mwangalie. Mwenye unacheka naye sana si lazima awe mzuri kwa biashara. Uliza:

- Anarudisha deni vipi? Mwenye anarudisha kabla hujamkumbusha, huyo shika.
- Chama chao kinamsema aje? Ulizia kwa mweka hazina, atakwambia kwa macho hata kabla ya mdomo.
- Pesa anayoleta imetoka wapi? Kama ni ya mkopo, kila mwisho wa mwezi atakuwa anatoa pesa kwa biashara alipe huko.
- Bibi ama bwana yake anajua? Hii wengi wanaruka. Kaeni wanne kama mko na familia, chai moja, kila mtu asikie hiyo pesa inaenda wapi na inarudi lini. Mtu akificha mwenzake wa nyumbani, siku ya shida utapigiwa simu na mtu hujawahi kuongea naye.

5. Jaribuni kazi moja yenye mwisho

Usianze na duka. Anza na kazi inayoisha ndani ya wiki moja. Mfano, chukueni gunia kumi za viazi Molo, lete Kibuye Jumapili, siku soko limejaa, uzeni, mgawane, muachane. Ama mnunue beli moja ya mitumba mfungue pamoja. Andikeni kila kitu: bei ya kununua, lori, mtu wa mkokoteni, chakula cha njiani, kilichooza.

Hapo utaona vitu ambavyo hakuna maswali yanaweza kukuonyesha. Nani alifika saa kumi na moja asubuhi. Nani alishusha bei kwa sababu mteja ni mtu wao. Nani alikula pesa ya chakula na hakuandika. Mimi na fundi wangu tulianza na pikipiki moja iliyoungua injini, tukainunua, tukaitengeneza, tukaiuza. Jioni ya kuuza alitoa kwa mfuko wa ovaroli karatasi yenye mafuta ameandika mpaka 50 bob ya grisi. Hapo ndipo niliamua.

6. Tenganisha jasho na pesa

Nusu kwa nusu ndiyo inavunja watu. Si kwa sababu ni mbaya, ni kwa sababu inachanganya vitu viwili: malipo ya mwenye anafanya kazi na faida ya mwenye aliweka pesa. Mimi nilikuwa nafungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu wa boda wanataka tyubu kabla hawajaingia stage, nafunga giza. Mwenzangu alikuja Jumamosi. Nikaanza kumwona kama mtu anayekula jasho langu, na yeye akaanza kuniona kama mtu anayeficha mauzo, na hakuna mmoja wetu alikuwa mwizi.

Fanya hivi. Tuseme wewe uliweka 120,000, mwenzako 40,000 na yeye ndiye anashinda dukani. Mwezi umeisha, umetoa kodi, stima na mali, imebaki 32,000.

- Kwanza lipa mwenye kushinda dukani mshahara mliokubaliana, tuseme 16,000. Imebaki 16,000.
- Acha robo ndani ya biashara, 4,000. Imebaki 12,000.
- Gawa hiyo kulingana na pesa mliyoweka, tatu kwa moja. Wewe 9,000, yeye 3,000.

Yeye anaenda na 19,000, wewe 9,000 ukiwa umelala kwako. Hakuna wa kununa. Na mkifanya kazi wote wawili, kila mtu apate mshahara wake kulingana na kazi kisha mgawane kinachobaki.

7. Andikeni kabla shilingi ya kwanza haijatoka

Kenya tuko na Sheria ya Ubia ya 2012. Ukiendesha biashara na mtu mkitafuta faida pamoja, sheria inaweza kuwahesabu kama washirika hata kama hamjaandika chochote. Na msipoandika mgawanyo, inachukua kwamba faida na hasara ni sawa kwa sawa. Kibaya zaidi ni deni: mwenzako akichukua mali holseli kwa jina la biashara, wewe pia unadaiwa, na wanaweza kukufuata mpaka kwa vitu vyako vya nyumbani.

Kwenye karatasi weka:

- Kila mtu ameleta nini na thamani yake. Kama ni mashine ama pikipiki, kubalianeni bei leo.
- Mshahara na mgawanyo, vile tumehesabu hapo juu.
- Nani anaamua nini. Kiasi gani mtu anaweza kutumia bila kumuuliza mwenzake. Sisi ni 5,000.
- Marufuku ya kukopa kwa jina la biashara bila sahihi mbili.
- Vitu vya dukani mtu akichukua vya kwake analipa vipi.
- Mtu akitaka kutoka anatoa notisi ya muda gani na analipwa vipi.
- Mmoja akifa, familia yake inalipwa ama inaingia? Hii andikeni hata kama inauma kuongea.

Wekeni sahihi na mashahidi wawili. Kama pesa ni kubwa mpelekee wakili aipitie. "Tutaandika baadaye" ni maneno nimesikia kwa karibu kila mtu anayekuja kwangu akilia.

8. Sajili kulingana na ulichoamua

Usajili wa jina ama kampuni unafanyika kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kama mtandao unakusumbua enda Huduma Centre, iko Kisumu, Nakuru, Kakamega. Beba kitambulisho, PIN ya KRA, picha ya pasi, na majina kadhaa ya biashara juu la kwanza mara nyingi limeshachukuliwa.

Ukiwa pekee yako, jina la biashara linatosha na unatumia PIN yako. Mkiwa wawili unaweza kusajili jina la biashara la ubia, na hapo ubia unatafuta PIN yake. KRA na benki watataka kuona hati ya makubaliano, ile mliandika hatua ya 7. Kodi ya mapato kila mtu anaonyesha kwa ritani yake fungu lake. Kama mnaogopa madeni kufika nyumbani, angalieni kampuni ya limited. Na wewe wa pekee yako pia unaweza, Sheria ya Kampuni ya 2015 inakubali kampuni ya mtu mmoja. Lakini benki ikikuitisha sahihi yako ya dhamana kwa mkopo, hiyo kinga inaisha hapo, soma kabla ya kutia sahihi. Kibali cha biashara cha kaunti kinahitajika kwa kila njia.

9. Pesa ipite mlango mmoja

Fungueni akaunti ya benki ya sahihi mbili, na tili ya biashara, ile nambari ya M-Pesa ya wateja kulipia, inayomwaga huko. Msitumie laini ya mtu. Pochi la Biashara, ile ya M-Pesa ya kupokea malipo ya wateja kwa laini yako, ni nzuri ukiwa pekee yako, mkiwa wawili inakaa kwa simu ya mmoja na mwingine anabaki kuuliza.

Halafu daftari la kaunta. Kila jioni: mauzo ya keshi, mauzo ya tili, kilichotoka, nani alichukua. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii nimeiona kwa macho. Partna wangu wa kwanza alikuja Jumamosi moja akachukua tairi ya nyuma na cheni za pikipiki ya ndugu yake, akasema mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nahudumia watu watatu kwa kaunta, nikasema sawa, sikuandika. Yeye pia alisahau. Miezi mitatu baadaye tukihesabu stoku zikakosekana tairi mbili na cheni nne, na tukakaa hapo kwenye stuli, daftari katikati yetu liko wazi, kila mmoja anangoja mwingine aseme. Ile tairi moja nilikuja kuikumbuka baadaye kabisa. Zingine mpaka leo sijui. Mwezi uliofuata aliacha kuja Jumamosi.

Hesabuni stoku pamoja kila mwisho wa mwezi, hata kama mmechoka.

Makosa ninayoyaona sana

Kumpa mtu fungu la kudumu kwa msaada wa mara moja. Jamaa amekuonyesha holseli ya bei nzuri, mnunulie kitu, mshukuru, usimpe robo ya biashara.

Kuchukua mkopo kwa jina la mmoja ukaingia kwa biashara ya wawili bila kuandika. Siku ya kugawana, deni linabaki la mwenye simu.

Kuingia na ndugu ukidhani damu inatosha. Ndugu anaandikiwa kama mtu mwingine yeyote, tena zaidi, juu mkikosana hamna mahali pa kukimbilia wakati wa matanga na sherehe.

Ikikwama

*Amesema ataleta pesa, wiki zinapita.* Mpe tarehe moja kwa maandishi. Ikipita, mgawanyo unahesabiwa kwa pesa iliyofika tu.

*Haji kazini.* Msigombane, punguza mshahara wake kwa siku ambazo hakuja, na hiyo iwe imeandikwa tangu mwanzo. Kama haikuandikwa, kaeni muandike leo.

*Anachota pesa.* Kwanza leta daftari na statimenti, hesabuni pamoja mbele ya wale mashahidi wawili. Mara nyingi inaonekana ni kusahau. Kama si kusahau, simamisha matumizi benki siku hiyo hiyo. Deni la pesa lisilopita milioni 1 unaweza kulipeleka Mahakama ya Madai Madogo, kesi zake zimewekewa siku 60 na unaweza kujisimamia bila wakili. Makaratasi yako ndiyo yatakuongelea.

*Wote mnataka kuamua na hamkubaliani.* Gawanyeni maeneo. Kwetu fundi ndiye wa mwisho kwa mambo ya injini, mimi ndiye wa mwisho kwa bei na stoku.

*Mmoja anataka kutoka.* Hesabuni stoku kwa bei ya kununua, ongeza keshi na deni za wateja wanaolipa kweli, toa mnachodaiwa, mgawane kulingana na mlichoweka. Ikiwa hakuna pesa ya kumlipa mara moja, lipa kwa miezi na kila malipo yaandikwe. Halafu ondoa jina lake eCitizen, benki na kwa tili.

Na zungukeni kwa kila holseli mkiwa wawili. Hii mimi sikuifanya. Tulikuwa tumeachana miezi minne, mzee mmoja anayetuuzia oili akanipigia nilipe katoni ambazo mwenzangu alichukua akianza duka lake kando. Nikamwambia si zangu. Akanijibu pole pole kabisa, "Kijana wangu, mimi nawajua nyinyi wawili. Hakuna mtu aliniambia mko mmoja mmoja." Na alikuwa na haki, mwenye aliwajua kama washirika na hakuambiwa mmeachana anaweza bado kuwadai wote. Kwa hivyo nendeni pamoja, msimame kwa kaunta yake, afunge ile kurasa ya zamani kwenye ledja yake, aandike tarehe, afungue mpya yenye jina moja, na mpige picha kwa simu zenu wote kabla hamjatoka hapo.